Hapa Pamepita Kitu

Mvua za mwaka zikishika Kikoneni, huku Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, kila nyumba hujichorea mpaka wake. Maji hushuka ukingoni mwa paa, tone juu ya tone, palepale yaliposhukia mwaka jana na mwaka juzi, mpaka ardhi inachimbika mstari mwembamba unaoizunguka nyumba yote. Udongo mwekundu huoshwa ukachukuliwa, zikabaki changarawe na mchanga mweupe. Mvua ikikatika na jua likachomoza, mstari ule huonekana hata kutoka barabarani, mweupe juu ya wekundu, umenyooka kuliko ukuta wenyewe. Huo ndio mchirizi. Paa la makuti likishushwa na mabati yakapandishwa, mchirizi husogea kidogo, lakini jina halibanduki.

Jina hilohilo ni la maji yenyewe yanaposhuka. "Kaweke ndoo kwenye mchirizi," mtoto huambiwa, naye hutoka mbio amejifunika leso kichwani, na nyuma yake hufuata sufuria, karai, madumu yaliyokatwa shingo, beseni la kufulia, chochote kinachoweza kukinga. Maji ya mwanzo hayanywewi. Yamebeba masizi ya jikoni na vumbi la kiangazi kizima, kwa hiyo hufuliwa nguo na kusuguliwa vyombo. Mvua ikishapiga muda wa kutosha ndipo nyanya yangu alipokuwa akisema, "Haya, sasa kinga ya kunywa," kwa sauti ya mtu aliyepokea mshahara.

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wanawake wa kizazi chake walibeba maji kichwani kutoka mitoni na visimani, wengine wakiondoka kabla ya adhana ya alfajiri ili wasikute foleni na tope. Ni huku Kwale, katika miaka ya 1980, ambako pampu ya mkono iitwayo Afridev ilijaribiwa na kurekebishwa mpaka ikawafaa watumiaji, na wanawake wa vijijini wakafundishwa kuifungua, kubadilisha vipuri vyake na kuifunga tena bila kumngoja fundi kutoka mjini. Pampu hiyo leo inachotesha maji katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Naitaja kwa sababu nataka ieleweke neno hili limetoka kwa watu gani. Kwa watu waliopima maji kwa kopo, mchirizi ulikuwa mgeni mwema. Ulileta mlangoni kile ambacho siku nyingine kilifuatwa mbali.

Kutoka paani neno limeshuka mwilini, na limeanzia usoni. Mtoto aliyeshinda akicheza kwenye vumbi, akaanguka au akanyang'anywa kitu, akalia, akanyamaza, akasahau, akaendelea na mchezo, jioni huwa na njia mbili mashavuni zilizooshwa katikati ya vumbi. Mama yake anarudi shambani na jembe begani. Hajaambiwa lolote. Anamtazama tu, anauliza: "Ni nani aliyekuliza?" Machozi yenyewe yamekauka zamani, na mtoto mwenyewe pengine hakumbuki tena, lakini michirizi imebaki na mama ameisoma.

Jasho nalo lina michirizi yake. Huku Ramisi, miwa imelimwa kwa vizazi. Kiwanda cha kwanza cha sukari kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kilimo cha miwa kikaja kufufuliwa baadaye na kampuni nyingine. Mkata miwa akivua shati la rangi iliyoiva akaliangika kwenye tawi, ndani ya saa moja mgongoni mwa shati hujitokeza mistari myeupe isiyo na mpangilio. Ni chumvi. Maji yamepaa, yameacha alichokitoa mwilini. Sijui namna iliyo wazi zaidi ya kuandika kazi ya mtu kuliko mistari ile, na inaniuma kwamba ndicho kitu cha kwanza kinachofuliwa akifika nyumbani.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mistari. Kuna milia, ambayo tumempa punda wa porini kama jina lake la pili. Kuna miraba, iliyo kwenye kikoi, na kila mtu kuanzia Vanga mpaka Gazi anaweza kukwambia ile ya pindoni ikoje. Kuna mistari ya daftari, mifuo ya jembe, mafungu ya rangi kwenye bendera. Lakini milia punda huzaliwa nayo, na miraba imefumwa na mtu aliyekusudia. Mchirizi haukukusudiwa na haukuzaliwa. Umetokea kwa sababu kitu kimepita hapo, nacho sasa hakipo.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Shimba, iliyotangazwa mwaka 1968, wamo palahala, na Kenya nzima hakuna pengine palipobaki kundi lao. Dume la palahala ni jeusi linalong'aa, pembe zimepinda kuelekea mgongoni, na usoni lina mistari myeupe inayoteremka kutoka juu ya macho kuelekea puani. Kwa hesabu ya maneno niliyoitoa sasa hivi, hiyo ni milia, maana imo katika damu ya mnyama mwenyewe. Hata hivyo kila ninapomwona mnyama huyo moyo wangu hukataa hesabu. Naona michirizi. Naona uso ambao kitu kimepita juu yake. Pengine ni kwa kuwa wamebaki wachache mno, na mtu akijua uchache wao hawezi kuutazama uso ule bila huzuni.

Sasa nifike kwenye ngozi, maana ndiko neno linakotumika zaidi siku hizi. Ukimwambia msichana wa miaka 20 neno michirizi, hafikirii paa wala machozi. Anafikiria mapaja yake, kiuno, tumbo, matiti, mikono karibu na makwapa: ile mistari ya weupe hafifu, imekaa sambamba, inayong'aa kidogo ikipigwa na mwanga wa pembeni na kubonyea kidogo chini ya kidole. Sijui kama kuna mtu mmoja aliyeamua kuihamishia huko. Nadhani neno lilikwenda lenyewe, kwa miguu yake, kwa sababu lilikuwa na haki ya kwenda.

Kinachotokea ni hiki. Chini ya ngozi ya juu kuna tabaka nene zaidi, limejaa nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi nguvu, na za elastini zinazoiwezesha kuvutika na kurudi. Tumbo likikua upesi, au kijana akirefuka ghafla wakati wa kubalehe, au mtu akinenepa kwa muda mfupi, nyuzi hizo huvutwa kupita uwezo wake na kukatika. Homoni huchangia pia, ndiyo maana watu wawili wenye matumbo sawa hawapati alama sawa, na kuwa na mama mwenye michirizi huongeza uwezekano wa binti kuipata. Mwanzo mistari huwa na rangi ya damu, myekundu kwa wenye ngozi nyeupe, ya zambarau au kahawia iliyoiva kwetu sisi weusi. Miezi ikipita, mishipa midogo hunywea, nyuzi mpya hujipanga zilizo nyembamba kuliko za kwanza, rangi hufifia, weupe ukabaki. Madaktari huiita striae, neno la Kilatini lenye maana ya mifuo, mitaro myembamba. Neno lao nalo, kumbe, lina njia ya maji ndani yake.

Tafiti nyingi zinakadiria kwamba kati ya nusu ya wanawake na tisa katika kila kumi huota michirizi wakiwa na mimba. Jambo linalowapata watu wengi kiasi hicho halistahili kuitwa ugonjwa, na hata kuliita kasoro ni kuwaonea. Lakini ingia duka lolote la vipodozi kutoka Lungalunga mpaka Ukunda, usome karatasi zilizobandikwa kwenye kioo. Michirizi imepangwa pamoja na chunusi, mba, makovu na madoa, na mbele ya kila jina pana bei. Siwalaumu dada wanaouza. Wengi ni mabinti wetu wanaotafuta riziki kwa halali, na wao wenyewe wanapaka kile wanachokiuza. Ninalolalamikia ni kwamba neno lililokuwa likieleza mvua sasa linafundishwa kwa watoto kama jina la aibu, na wanalijifunza hivyo kabla hawajapata maana nyingine yoyote.

Si kwamba watu wa huku hawakujua alama za mwilini. Wamakonde ni jirani zetu. Mababu zao walikuja kutoka Msumbiji, wengi kuanzia miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani hii ya kusini, wakazaa, wakazika, na bado hawakuhesabiwa kuwa raia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale wakielekea Nairobi kudai vitambulisho, na mwaka 2017 wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Miongoni mwao walikuwapo wazee waliokuwa na chale usoni, mistari na pembe zilizochanjwa kwa makusudi na kusuguliwa mkaa, alama ya kusema mimi ni wa watu hawa. Kwa miaka mingi uso ule uliosema ukweli wote haukutosha mbele ya karani, ilitakiwa kadi. Chale huchanjwa na mkono wa mtu, na mwenye kuchanja anajua anachokiandika. Michirizi haina mwandishi. Nadhani ndiyo sababu ni rahisi kuinyang'anya maana, kwa kuwa hakuna mzee atakayesimama kusema sisi ndio tulioiandika, na maana yake ni hii.

Lakini maana ipo, na kwa Wadigo, wenyeji wa huku, ingepaswa kuwa wazi kuliko kwa wengi. Kabla ya Uislamu kubadili mirathi na kabla ya sheria za serikali, Wadigo walihesabu ukoo upande wa mama. Mtu aliyekufa, mali yake iliwaendea watoto wa dada yake, na mjomba alikuwa na sauti ambayo baba hakuwa nayo. Swali la wewe ni nani lilijibiwa kwa kutaja tumbo ulikotoka, na tumbo alikotoka mama yako, na kabla ya hapo. Desturi ile imepungua, na sitaki kuipamba. Ilikuwa na ugomvi wake, na watoto wengi walifukuzwa katika mashamba ambayo baba zao waliyapanda minazi. Hata hivyo nikiwaza kwamba watu waliishi kwa karne nyingi wakisoma nasaba kupitia tumbo la mwanamke, siwezi kukubali kwamba mjukuu wao leo ajifiche chooni kubadilisha nguo ili wenzake wasilione lake.

Dada mmoja wa ukoo wetu alikuja Kikoneni kupumzika akiwa na mimba ya kwanza, miezi saba. Ametoka Mombasa na mafuta ya aina tatu katika begi, kila moja na maelezo yake. Nyanya alikuwa bado hai. Aliyaangalia, akayanusa, akayaweka dirishani, kisha akatoa chupa yake ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Alimpaka tumbo lote kwa mzunguko, taratibu, akianzia pembeni akielekea katikati.

"Nyanya, haya yatazuia michirizi?"

"Hayatazuia."

"Sasa unanipakia nini?"

"Nakupakia ukae kitako. Tangu uje hujakaa."

Miaka kadhaa baadaye nilipata kujua kwamba wataalamu wa mtandao wa Cochrane, mwaka 2012, waliyakusanya majaribio sita yaliyohusisha wanawake 800, wakilinganisha waliopaka mafuta na krimu za kuzuia michirizi na wasiopaka, au waliopaka kitu kisicho na dawa ndani. Hawakuona tofauti ya kutegemewa. Ile dawa ya ngozi iitwayo tretinoini huweza kupunguza mistari ikiwa bado mipya, lakini mjamzito haruhusiwi kuitumia. Basi kwa upande wa michirizi nyanya alikuwa amesema sawasawa na wataalamu. Kwa upande wa kukaa kitako, sijaona jaribio lililolinganisha mwanamke aliyepakwa na mtu mwingine kwa nusu saa kila jioni, akizungumzishwa, na yule aliyejipaka peke yake bafuni akiangalia simu. Ningependa kuliona.

Mafuta yana faida nyingine ambayo haina haja ya utafiti. Ngozi inayovutwa huwasha, na muwasho humfanya mtu ajikune usiku kucha mpaka ajichubue. Ngozi yenye mafuta haiwashi sana. Mkunga yeyote wa huku atakwambia hivyo, naye hatakutoza kitu.

Nimesema michirizi husomwa, na kusoma ni pamoja na kusoma habari mbaya. Mchirizi wa paani ukiachwa bila kuangaliwa huichimba nyumba. Maji yakishapata njia karibu na ukuta hula udongo wa msingi kidogokidogo, na nyumba ya udongo huanza kutoa nyufa upande mmoja. Nyanya alikuwa akitembea kuizunguka nyumba yake baada ya kila mvua kubwa, jembe mkononi, akitazama. Palipozama alijaza kokoto. Palipotuama maji alifungua mfereji uelekee kwenye migomba. Na huko mashambani, kwenye miteremko ya kuelekea mlima Mrima na mlima Dzombo, mfuo mdogo wa mvua wa mwaka huu, asipoupiga mtu tuta, baada ya miaka michache huwa korongo ambalo ng'ombe hawezi kuruka. Hakuna aliyeuonea haya mchirizi wa nyumba yake, wala aliyeuacha bila kuutazama. Hivyo ndivyo ninavyotaka tuitazame ya mwilini.

Maana ipo michirizi ambayo haikuletwa na mtoto wala na kurefuka. Kuna krimu za kujichubua zinazouzwa kote pwani, nyingine hadharani, nyingine chini ya meza, na ndani ya baadhi yake mna dawa za steroidi kali, klobetasoli na betamethasoni. Hizo ni dawa halali za hospitali. Daktari huziandika kwa ugonjwa wa ngozi, kwa siku zinazohesabika, mahali padogo. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, ngozi hung'aa kwanza, watu wakasifu. Kisha hukonda, huwa nyembamba kiasi kwamba mishipa huonekana, jeraha dogo halifungi upesi, na zile nyuzi za ndani huchanika. Hapo hutokea michirizi mipana, mirefu, mapajani na makwapani na nyuma ya magoti, mipana kuliko ya mimba yoyote. Haiondoki. Msichana aliyepaka ili awe na ngozi isiyo na alama amejiandikia alama za maisha, kisha anarudi dukani kununua dawa ya michirizi. Sijui ukatili wa biashara unaozidi huo.

Zaidi ya hapo, dawa hizo hupenya ngozi na kuingia damuni. Uso unaweza kuvimba ukawa wa mviringo, tumbo likajaa huku miguu ikikonda, shinikizo la damu likapanda na sukari pia. Mtu akiona michirizi mipana ya zambarau imemtokea bila mimba na bila kunenepa, hata kama hajawahi kupaka chochote, afike hospitali, maana tezi za mwili nazo zinaweza kuzalisha homoni ya aina hiyo kupita kiasi. Hapo mistari inasema jambo ambalo mdomo bado haujalijua.

Wavulana nao wanaipata, ingawa hakuna anayewauzia kitu bado. Kijana aliyeongezeka kimo kwa haraka huota mistari mgongoni, chini ya mbavu, imelala upande kwa upande. Kwa asiyejua, inafanana kabisa na alama za fimbo. Katika majarida ya udaktari zimo taarifa za vijana waliopelekwa kuchunguzwa kwa kudhaniwa wanapigwa nyumbani, kumbe walikuwa wanakua tu. Hapa kwetu, ambako adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 na bado fimbo haijatoka kwenye kila darasa, kosa hilo linaweza kwenda pande zote mbili. Mzazi anaweza kumvamia mwalimu asiye na hatia. Na mwalimu mwenye hatia anaweza kusema mtoto alikuwa anakua. Kusoma mgongo wa mtoto kunahitaji mtu aliyekaa naye, anayejua suruali yake ya Januari ilifika wapi mguuni na ya Agosti imeishia wapi.

Rafiki yangu mmoja ananiambia kwamba nazidisha, kwamba si lazima kila mwanamke aipende michirizi yake. Namkubalia. Sijaandika ili kumwamrisha mtu kupenda. Zipo siku ambazo mimi mwenyewe nikijitazama sitamani kusoma lolote, natamani ngozi ya zamani. Nyanya naye hakuwahi kuisifu yake. Kwa macho yake hapakuwa na cha kusifu wala cha kuficha, na alipooga kisimani na wenzake hakuna aliyetazama mara mbili. Ndicho kitu ninachokililia. Siombi tusifiwe. Naomba hali ile ya kutotazamwa mara mbili.

Hali hiyo haitarudi kwa kuandika makala. Lakini kuna jambo dogo linaloweza kufanywa. Juzi nilimwomba binti wa dukani anipe kisanduku cha krimu inayonunuliwa sana na wasichana wa hapa, nikasimama mlangoni penye mwanga. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kifaransa, kwa herufi ambazo hata miwani yangu ilizilalamikia. Jina la klobetasoli lilikuwamo, chini kabisa, karibu na tarehe ya kwisha. Nilimwonyesha, nikamweleza inachofanya. Alinyamaza, akaniuliza kama basi aziondoe rafuni, na mwenye duka atamwambia nini. Nilikosa jibu la swali la pili. Wenye jibu ni Shirika la Viwango na Bodi ya Dawa na Sumu, ambao kazi yao ni kuhakikisha dawa ya hospitali haiuzwi pamoja na sabuni na lipstiki, na kila kisanduku kinachopita bandari ya Mombasa au mpaka wa Lungalunga kinaweza kufunguliwa na kusomwa na mtu anayelipwa kusoma. Mpaka hilo lifanyike, jina la dawa hiyo liandikwe kwa Kiswahili, mbele ya kisanduku, kwa herufi kubwa sawa na jina la krimu, na chini yake: huchana ngozi, alama zake hazifutiki.